Oili ya injini isitiwe kwenye breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na mafundi wa magari na wauza spea wa hapa Kigoma kuhusu kifaa kimoja, yaani masta silinda ya breki, ambacho ndicho kinachomwezesha mtu kuteremka kutoka Mwanga hadi stesheni na kusimama pale anapotaka.

Ninalo gari aina ya MGB la mwaka 1966, gari dogo la mbio lenye viti viwili lililotengenezwa Uingereza, ambalo nililirithi kwa marehemu kaka yangu. Masta silinda yake ina pistoni moja inayosukuma mafuta kwenda magurudumu yote manne, kwa hiyo ikishindwa hiyo, hakuna njia ya pili ya kumwokoa dereva kama ilivyo katika magari ya siku hizi, isipokuwa breki ya mkono. Mwaka jana pedali ilianza kuzama polepole kila nilipoikanyaga na kuishikilia, ingawa chini ya gari hapakuwa na tone lolote, na hiyo ni dalili kwamba raba za ndani zimechakaa na zinapitisha mafuta.

Nilimpelekea gari fundi kijana, mchapakazi na mwenye adabu, akabadilisha raba kwa muda mfupi. Siku chache baadaye, nikiwa njiani kwenda Ujiji, breki zilishika zenyewe na hazikuachia, na nilipoteremka nilikuta magurudumu ya mbele yamepata moto kiasi cha kutoguswa. Tulipoifungua silinda tulikuta raba mpya zimevimba na kulainika kama andazi lililolowa chai. Kijana alinieleza bila kuficha kwamba aliziosha kwa petroli, na kwamba mafuta ya breki yalipopungua alijazia oili ya injini. "Mzee," aliniambia, "ndivyo nilivyofundishwa, oili zote ni oili."

Si kweli, na ni kosa linaloweza kuua. Mafuta ya breki yanayotumika katika magari mengi si ya jamii moja na oili wala petroli, na raba za breki zimetengenezwa ili zikae ndani ya mafuta hayo peke yake. Petroli, dizeli, oili na grisi ya kawaida huzivimbisha. Sisi watu wa Kigoma tunajua jinsi meli yetu ya Liemba ilivyozamishwa mwaka 1916 ikiwa imepakwa grisi nene kwenye mitambo yake, na ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ile ilikuwa bado inafaa, na pengine ndiyo sababu tunaiona grisi kuwa dawa ya kila kitu. Kwa chuma ni dawa. Kwa raba ya breki ni sumu, na ikishaingia haitoshi kuosha silinda peke yake, kwa sababu imekwisha kusambaa hadi kwenye mipira inayopeleka mafuta na raba za kila gurudumu, na zote hizo nililazimika kuzinunua upya.

Mara ya pili tuliifanya kazi pamoja, mimi nikisoma na yeye akishika spana. Tuliosha kila kipande kwa spiriti, kisha tukamulika ndani ya silinda kwa tochi. Ukuta wake ukiwa na alama hafifu, unaweza kusuguliwa kidogo kwa msasa laini sana. Ukiwa na vishimo vya kutu ambavyo ukucha unakwama, raba mpya haitadumu hata ikiwa ya bei gani, na hapo silinda ibadilishwe au ipelekwe kwa mchonga vyuma ikatobolewe na kuvishwa bomba la chuma kisichoshika kutu. Yetu ilikuwa nzima, namshukuru Mungu.

Kuna mambo mawili ambayo fundi mwenye haraka huyapita. La kwanza ni washa nyembamba, yaani kipete bapa, inayokaa kati ya raba kuu na kichwa cha pistoni, ambayo huzuia raba isivutwe kwenye matundu ya pistoni. Tuliikuta imenata kwenye raba ya zamani, nusura itupwe. La pili ni kitundu chembamba sana kinachorudisha mafuta kwenye kijungu cha akiba ya mafuta pedali inapoachiwa. Kikiziba, au fimbo ya pedali ikikazwa hadi isibakize nafasi hata ndogo kabla ya kuigusa pistoni, mafuta yaliyopata joto hukosa pa kurudi na breki hujishika. Baada ya hapo tulilowesha raba kwa mafuta mapya ya breki, tukafunga, na tukatoa upepo tukianzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na silinda, hadi pedali ikawa ngumu na haikuzama tena.

Kwa wauza spea nina ombi moja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155, na yakichemkia kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke unaobonyea, mguu ukafika sakafuni na gari lisisimame. Kuyapima kutoka kwenye galoni lililo wazi na kuyatia katika chupa za maji ya kunywa ni kumuuzia mtu hatari asiyoiona. Tafadhali leteni chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, nasi tutazilipia bei yake.

Mwenye gari la zamani,
Mwanga, Kigoma.