Mgao wa kuwinda funo usipangwe kana kwamba msitu haukatwi

Mhariri,

Mpango wa kuvuna miti na mgao wa kuwinda wanyama wa msitu huohuo mara nyingi huandaliwa na watu tofauti, kila mmoja na makaratasi yake. Tunaomba hesabu hizo mbili ziwe moja.

Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji vilivyoingia katika uvunaji endelevu wa mkaa hugawa eneo la miombo katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kimoja hukatwa, jirani zake huachwa, na kilichokatwa hupumzika miaka 24 ili machipukizi ya visiki yakue. Kwa upande wa miti, mpango huo ni mzuri na tunauunga mkono.

Upande wa wanyama, tuchukue funo, swala mdogo wa msituni, kwa takwimu za mfano. Tuseme msitu unaweza kubeba funo 1,000, nao wakiwa wachache huongezeka kwa asilimia 30 kwa mwaka. Wakikaribia 1,000 ongezeko hufifia, maana chakula na maficho vinagombewa. Ongezeko la mwaka ni 0.3 mara idadi yao, mara sehemu ya nafasi iliyobaki wazi. Kilele chake ni funo 75, idadi ikiwa 500. Basi mpangaji huandika: wawindwe 75 kila mwaka.

Sasa ukataji upunguze uwezo wa msitu hadi 800. Kilele kinashuka hadi 60, ilhali mgao umebaki 75. Ukipiga hesabu mwaka baada ya mwaka kuanzia 500, mwaka wa 10 wanabaki 340, wa 20 wanabaki 88 hivi, na wa 22 mgao hautimii kwa kuwa funo wamekwisha. Hapo hata kitalu cha kwanza cha mkaa hakijafikia zamu yake ya pili! Kinachotutia hofu zaidi ni kwamba miaka kumi ya mwanzo pengo kati ya wanaowindwa na wanaoongezeka ni funo 15 hadi 19 tu kwa mwaka. Wanyama wanaojificha vichakani hawahesabiki kwa usahihi huo, hivyo sensa haitaonyesha kitu mpaka wamechelewa kuokolewa.

Mgao uwe asilimia ya waliopo, usiwe idadi isiyobadilika. Kwa asilimia 10, katika msitu huohuo wa 800, funo hutulia kwenye 533 hivi na wawindaji hupata 53 kwa mwaka. Ni pungufu ya saba tu kuliko kilele, na idadi ikishuka mgao nao unashuka wenyewe. Wanaonaswa na mitego ya waya, pamoja na wanaoozea humo bila kuchukuliwa, watolewe kwanza kwenye hizo 53.

Tahadhari moja: uwezo wa msitu haushuki sawa kwa kila mnyama. Nsya, swala mwingine mdogo wa jamii ya funo, anaweza hata kufaidika na vichaka vinavyochipua kwenye kitalu kilichokatwa. Mbega anahitaji matawi yanayogusana, na hondohondo hutaga kwenye mapango ya miti mikubwa, ambayo miaka 24 ya machipukizi haitoshi kuyarudisha. Kwa hao, miti mikubwa yenye mapango ipigwe alama ya rangi na kuandikwa kwenye ramani kabla shoka halijaingia kitaluni.

Wataalamu wa misitu na wanyamapori,
Morogoro