Kiti kilichofunikwa kitambaa cheusi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale uliposema hushiriki tena mashindano ya mashairi kwa kuwa majaji na washindi wanajuana. Wawelshi, watu wa Wales, walishalitafutia dawa zamani. Kwenye Eisteddfod, tamasha lao kubwa la ushairi na muziki, kila mshairi hutuma kazi kwa jina la kificho. Siku ya siku jina lile huitwa, na mwenye nalo ndipo husimama alipoketi, akasindikizwa hadi jukwaani kukalia kiti. Zawadi yenyewe ndiyo hiyo, kiti, anakwenda nacho kwake! Kabla hajakaa, mkuu wa malenga huchomoa upanga nusu tu, akauliza: kuna amani? Ukumbi mzima huitika: amani!

Jumamosi nilikwenda kukiona kiti kimoja cha namna hiyo, Trawsfynydd, kaskazini mwa Wales, katika nyumba ya shamba iitwayo Yr Ysgwrn. Hapo aliishi mchunga kondoo, Ellis Evans, aliyezaliwa 1887. Lakabu yake ni Hedd Wyn, yaani amani iliyobarikiwa. Wewe unalalamika vina ni pingu. Ungeiona cynghanedd yao! Konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zijirudie nusu ya pili, kwa mpango uleule, na maana isipotee. Guni, shairi lililovunja kanuni, halina pa kujificha.

Mwaka 1916 alishika nafasi ya pili kwenye Eisteddfod. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, akaingia jeshini ili mdogo wake asichukuliwe, shairi la tamasha la mwaka huo akalimalizia Ufaransa, akalituma kwa posta kwa jina la Fleur-de-lis. Tarehe 31 Julai 1917 akauawa karibu na Ypres, Ubelgiji.

Septemba 6, tamasha likiwa Birkenhead (Uingereza, ng'ambo ya mto ukitokea Liverpool, maana Wawelshi walijaa huko kwa kazi), tarumbeta zikalia, Fleur-de-lis akaitwa. Kimya. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ndipo watu wakaambiwa mshindi amekwisha kufa vitani, na kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Lloyd George alikuwepo, Mwelshi mwenzao, Waziri Mkuu aliyekuwa akiviendesha vita hivyo. Ningekuwa mimi ndiye mwandalizi, kitambaa kile ningempa yeye akifunike kwa mkono wake.

Kiti ni kizito, nakshi juu mpaka chini, ungedhani fundi wa milango ya Mji Mkongwe. Aliyekichonga ni Eugeen Vanfleteren, mkimbizi wa Ubelgiji, nchi ileile alikofia mshairi. Nilitamani kupitisha kidole kwenye michongo, lakini hakiguswi. Kijijini pana sanamu ya Hedd Wyn, mama yake ndiye aliyeifunua mwaka 1923. Wamemsimamisha kama mchunga kondoo, si kama askari.

Haya, lile shairi ulilolificha nitumie. Ukitaka, kwa jina la kificho.

Wako,
yuleyule wa siku zote