Shoga, kiwanja usiuze

Assalaam alaykum mwenzangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote dakika kumi na moja, nikaona bora nikuandikie maana nikipiga utalia na mimi ntalia na vocha itaisha hatujasema kitu.

Kwanza hilo la kiwanja cha Pongwe liache. Eti ukiuze mwanao Sudi apelekwe Dar akapigwe MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, kisa baba yake, kaka yangu Hemedi, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, na umesoma kwenye simu kwamba watoto ambao baba au mama anaumwa huo ugonjwa ubongo wao una tofauti. Tofauti zipo, sikufichi, ila sio vile ulivyozielewa wewe.

Unajua toka kaka Hemedi aanze kliniki nimeuliza maswali mpaka yule daktari akiniona anaangalia saa. Haya mambo ya zamani kumbe. Mwaka 1976 kule London daktari mmoja mwanamke, Eve Johnstone, yeye na wenzie waliwapiga picha za kichwa wagonjwa wa miaka mingi, wakakuta vile vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo vimetanuka kuliko vya watu wasioumwa. Baadae akawa Edinburgh, toka 1994 wakawa wanafuatilia vijana ambao wenyewe wazima kabisa ila wana ndugu wa damu wawili au zaidi wanaoumwa, na hao nao wakakuta baadhi ya sehemu za ndani, zile za kumbukumbu na hisia, kwa wastani ni ndogo kidogo hata kabla mtu hajaugua. Sasa hapa ndo nataka utulie shoga yangu: wengi wa wale vijana hawakuugua.

Neno ni hilo wastani. Chukua ndoo ya dagaa wa Sahare na ndoo ya dagaa wa Deep Sea upime wote, unaweza kukuta ndoo moja dagaa wake wamezidi kidogo. Haya nikuwekee dagaa mmoja kiganjani, niambie katoka ndoo gani? Huwezi. Sudi ndo huyo dagaa mmoja. Hakuna daktari anayeweza kuangalia picha ya ubongo wa mtoto wa miaka 9 asiyeumwa akasema huyu ataugua huyu hataugua, kwaio utauza kiwanja urudi na bahasha kubwa na hofu ileile.

Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa, katika kumi anaugua kama mmoja hivi. Kwa watu wa kawaida ni kama mmoja kwa mia au pungufu, kwaio imezidi ndio, sikudanganyi. Mimi mwenyewe dada wa damu wa Hemedi, hesabu ya ndugu iko hapohapo, na wanangu nao ni wapwa zake, wallahi kuna usiku nimekaa nawaangalia walivyolala kama mlinzi. Lakini hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwenzie anaweza asiugue maisha yake yote, ndo ujue damu sio kila kitu.

Halafu umri. Ubongo wa mtoto unaota viunganishi vingi kuliko inavyohitajika, akishabalehe vinapunguzwa, kama baba yako anavyopogoa michungwa kule Muheza. Wataalamu wengi wanadhani kwa wanaougua panga linapita kupita kiasi, na gamba la juu la ubongo linakonda haraka kuliko la wenzao. Ndo maana wengi huanza mwisho wa ujana mpaka ishirini na kitu, Hemedi alianza na 19. Sudi kuongea peke yake akisukuma magari yake ya makopo, bibie, huyo anacheza! Mbona wewe ulikuwa unagombana na wanasesere wa magunzi mpaka mama anakuja kuamua.

Kitu ninachokijutia mi sio picha. Ni ile miaka miwili tuliyomzungusha kaka kwa waganga, mara katupiwa jini mara kala kitu cha watu, na huku halali, kaacha kuoga, kajifungia ndani anajibu sauti tusizozisikia. Na bangi tulikuwa tunajua anavuta tukasema ujana. Bangi kwa kijana mwenye damu hiyo ni kumwagia petroli, hilo Sudi akikua mwambie wazi, na ukiona kajitenga, usingizi umepinduka, shule imeanguka ghafla, hapo usingoje mwezi, tunakwenda wote hospitali ya Bombo. Sa hivi muache. Usimchungulie chungulie ataona, watoto wanajua, na baba yake asisemwe vibaya mbele yake, anaumwa sio mchawi.

Hemedi yupo, sindano yake ya kila mwezi haruki, anaziba pancha pale Ngamiani. Mlete Sudi Ijumaa, baiskeli yake iko tayari imebaki breki ya nyuma tu, na uje na ile sufuria yangu.

Wako,
Mama Rehema