Kabla Hujalipia Kozi Hiyo

Hamilton, Ontario

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Hofu yangu ni kwenu huko Tanga. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dawa za presha asizikatishe hata akijisikia vizuri.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia kuhusu kozi ya kutengeneza tovuti na ada wanayodai. Usilipe bado. Pesa ipo, wala siibanii. Nataka tu kwanza ujue mimi nilivyojifunza, maana huko nyumbani mnadhani nimesomea chuoni, na chuo chenyewe sijakikanyaga.

Kazi yangu ya usiku ni kupanga vifurushi ghalani. Mikono na macho vina shughuli, masikio hayana. Ndipo nikaanza kusikiliza podikasti. Ninayoipenda zaidi ni Syntax, ya Wes Bos na Scott Tolinski, iliyoanza 2017. Wes ni mtu wa mji huu huu wa Hamilton, mwenzake yuko Denver, Marekani. Nyingine ni ShopTalk, ya Chris Coyier na Dave Rupert, ambayo iko hewani tangu 2012. Zote zinahusu kutengeneza tovuti, na ni bure.

Utauliza: msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, ni kitu cha kusoma kwa macho, masikio yanaingiaje? Yanaingia kwenye sababu. Watangazaji hawawezi kukuonyesha skrini, kwa hiyo wanalazimika kueleza kwa nini jambo liko vile lilivyo. Chukua JavaScript, lugha ya msimbo inayozipa kurasa za mtandao uhai. Ukiiuliza null, yaani "hakuna thamani", ni ya aina gani, inajibu "object", yaani kitu, jibu lisilo sahihi. Darasani utaambiwa ukariri. Lakini ukishajua kwamba Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha mtandao, na kwamba kosa hilo limeachwa kwa kuwa kulirekebisha kungevuruga kurasa za zamani zinazolitegemea, hulisahau tena.

Mada ninayoirudia kila inapojitokeza ni uzito wa kurasa. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kufika MB 4 au 5. Ukiibandika kwenye ukurasa ilivyo, msomaji ataipakua yote hata kama kwenye skrini yake inaonekana ndogo kama kiberiti. Weka picha 10 za namna hiyo, na umekula MB 40 au 50 za bando la mtu. Huku wengi wana intaneti ya nyumbani, hawaoni uchungu. Mimi ninamuona mama na bando lake la siku. Dawa yake ni hii: punguza upana wa picha hadi pikseli 1200 hivi, ihifadhi kwa muundo wa WebP unaoibana iwe nyepesi, andika width na height (upana na urefu wake) kwenye msimbo wa picha ili maandishi yasirukeruke ukurasa unapofunguka, na kwa picha za chini ongeza loading="lazy" ili zisipakuliwe mpaka msomaji azikaribie. Nimefungua tovuti za hoteli za pwani yetu, nyingine zinachelewa mpaka unakata tamaa. Hapo kuna kazi inakusubiri.

Ila kusikiliza peke yake kunalevya. Unaweza kuyajua majina yote ya zana mpya na ukashindwa kuweka kisanduku katikati ya ukurasa. Mimi nikiamka mchana naenda maktaba ya mji, nafungua kurasa za MDN za Mozilla, zinazoeleza lugha za tovuti, kisha najaribu jambo moja tu kati ya niliyoyasikia usiku. Wewe tumia ile kompyuta aliyoiacha baba mdogo. Kwa kuandika HTML, inayobeba maandishi na picha za ukurasa, na CSS, inayoupamba, inatosha kabisa. Vipindi vipakue ukiwa penye Wi-Fi. Kiingereza chao kinakimbia, punguza kasi kwenye programu. Vipindi vya habari mpya viruke kwanza, vitakuchanganya.

Kazi ninayokupa ni ukurasa mmoja wa nyumba ya wageni ya mjomba kule Pangani. HTML na CSS tu, JavaScript iache. Namba ya simu iwe kiungo kinachoanza na tel:+255, ili mgeni aguse na simu ipige. Kila picha iwe na maelezo kwenye alt, sehemu ya maneno yanayoieleza picha, kwa sababu asiyeona husomewa na simu yake. Na juu kabisa, kwenye tagi ya html, ile alama inayofungua ukurasa wote, andika lang="sw", kuonyesha lugha ni Kiswahili. Bila hiyo, simu inaweza kusoma Kiswahili chetu kwa sauti ya Kizungu, na shangazi hataambulia kitu.

Ukimaliza nitumie folda nzima, Ijumaa nikiwa sina zamu tutaipitia pamoja kwa simu. Baada ya hapo, ukiona bado unaitaka kozi hiyo, nitakutumia ada bila swali. Mwambie mjomba vyumba avipige picha mchana, madirisha yakiwa wazi.

Dada yako akupendaye