Kanuni za ununuzi zipite kwa wabunge kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe langu kuhusu ununuzi wa umma. Mimi ni fundi seremala hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni madawati na meza za ofisi.

Tangu NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, uanze mwaka 2023, zabuni za serikali tunaziombea humo. Sina ugomvi nao. Angalau sasa tangazo tunaliona sote. Ugomvi wangu ni kwa masharti yenyewe, na namna yanavyopangwa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 ilijadiliwa bungeni, tena hadharani. Lakini sheria ile ni mifupa. Nyama imo kwenye Kanuni za mwaka 2024, zilizotungwa chini ya Waziri wa Fedha: siku za kutangaza zabuni, dhamana, viwango vya fedha, nani apewe upendeleo. Kanuni zikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali zinaanza kazi, ndipo Bunge linaletewa. Kamati ya Sheria Ndogo ikiona kasoro, sisi tumeshaumia. Ukimuuliza diwani anakwambia, "Hilo limetoka Dodoma." Na kweli limetoka Dodoma.

Ukaguzi nao huja nyuma. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, halafu ndiyo iende bungeni, kwa PAC na LAAC, kamati za hesabu za Serikali Kuu na za serikali za mitaa. Dawati lililonunuliwa Julai linajadiliwa limeshakuwa kuni. Sitanii. Nimeletewa madawati ya shule moja niyatengeneze, hayajamaliza hata mwaka: mbao za msindano mbichi zimepinda, miguu imepigiliwa misumari mitupu, gundi hakuna. Aliyeyauza alishinda kwa bei, na makaratasi yake yalikuwa safi kabisa.

Miswada ikifika kwenye kamati za Bunge, wadau huitwa watoe maoni. Kanuni nazo zifanyiwe hivyo kabla hazijaanza kutumika. Waitwe maofisa ununuzi wa halmashauri, waitwe na wazabuni wadogo, si wale wenye ofisi Dar es Salaam peke yao. Najua wizara itasema ni kuchelewesha kazi. Itachelewa wiki kadhaa, basi. Kanuni mbovu tunakaa nayo miaka. Na Bunge halitakuwa linaingilia kazi ya mtu, maana Ibara ya 63 ya Katiba imelipa jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali.

Kwa kuanzia, wabunge wa Tanga mwulizeni Waziri swali moja: ile asilimia 30 ya zabuni iliyotengwa kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, kila halmashauri ya mkoa huu imelipa kiasi gani? Atujibu kwa shilingi, halmashauri moja moja.

Fundi seremala,
Ngamiani, Tanga