Zipunguzwe saa kabla ya watu

Mhariri,

Uchumi ukidorora, chama cha wafanyakazi kisingoje barua za kuachishwa kazi ndipo kiitishe mkutano. Kidai kwanza takwimu za oda na za saa za ziada. Waajiri wengi hupunguza watu huku waliobaki wakipiga ovataimu. Hapo ndipo pa kuwabana.

Kisha saa za kazi zipunguzwe kwa wote, badala ya kuachisha watu. Ujerumani mwaka 2009 ilifanya hivyo: mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira ulifidia asilimia 60 ya mshahara uliopotea baada ya makato, 67 kwa mwenye mtoto. Bila fidia, wa kima cha chini ndio huumia. Na mkataba wa kupunguza saa uandikwe tarehe ya kwisha, la sivyo mshahara uliopunguzwa unakuwa wa kudumu.

Mwanachama