Kabla hujaigusa ile tovuti

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, shemeji anakusalimu, na kuhusu kimya changu nitakuomba radhi tukionana. Nakuandikia mbiombio kwa sababu jana Mwalimu kaniambia umekubali kuichukua ile tovuti, na kwamba Jumatatu unaanza kuirekebisha moja kwa moja kwenye seva. Sikulala vizuri. Nakusihi usianze hivyo.

Nikusimulie yaliyotupata wiki mbili zilizopita. Jumamosi usiku fomu ya usajili ilianza kukataa watu. Mwenzangu wa zamu akaingia kwenye seva, akafungua faili, akaona kosa: penye kukagua namba ya simu tuliruhusu tarakimu tupu, kwa hiyo kila aliyeanza na alama ya kujumlisha alirudishwa. Akarekebisha mstari mmoja, fomu ikapona, akaenda kulala. Alifanya kazi nzuri. Ila mstari ule ulibaki kwenye seva peke yake. Git, ile programu inayotunza historia ya kila badiliko la faili, haikuwa na habari nao, wala mimi.

Jumanne nikaleta mabadiliko yangu ya faili lilelile, maneno ya kitufe tu. Nilipoyavuta kwenye seva Git ikagoma: kuna kazi hapa haijakomitiwa, yaani haijawekwa kwenye historia, itafutika. Ilinionya kabisa! Nami nilikuwa na haraka, nikadhani ni mabaki ya majaribio, nikaandika git reset --hard, amri inayofuta yote yasiyokomitiwa, kisha nikavuta tena. Ukurasa ukafunguka, kitufe safi. Siku tatu nzima fomu ikawa inawakataa watu walewale, hadi mmoja alipopiga simu kulalamika. Nikautafuta ule mstari, haupo popote. Mwenzangu angefanya hata git add tu, yaani kuikabidhi Git faili lile kabla ya komiti, ningeweza kuufukua. Lakini Git haiwezi kurudisha kitu ambacho haikuwahi kukabidhiwa. Tukauandika upya kwa kukumbuka. Simlaumu. Wanaoniuma ni wale watu wa siku tatu, sitajua ni wangapi walikata tamaa.

Sasa tuje kwako. Nasikia humo ndani kuna index_mpya.php, index_mpya2.php na index_ya_mwisho_kabisa.php. Usifute hata moja. Kabla ya kurekebisha chochote, chukua kilichomo kwenye seva kama kilivyo, na ubovu wake wote, kiwe ndiyo komiti yako ya kwanza. Wengi huanza na nakala iliyo kwenye kompyuta ya mtu fulani, kumbe seva imeshaachana nayo miezi mingi. Nenosiri la hifadhidata tu ndilo ulitoe mapema, maana likishaingia kwenye komiti, kulifuta kesho hakusaidii. Linabaki kwenye historia, na dawa yake ni kulibadilisha. Picha wanazopakia watu ziache nje. Hifadhidata yenyewe Git haiigusi, hiyo itafutie bakapu yake. Na folda ya .git, ambamo Git huweka historia yote, tafadhali, isikae mahali ambapo kivinjari kinaifikia. Atakayeipata amepata misimbo yote tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo seva iwe ya kupokea tu. Mimi siku hizi nasukuma komiti zangu kwenye hazina ya Git iliyo huko huko kwenye seva, kisha skripti ndogo ya post-receive, inayojiendesha kila hazina ikipokea kitu, inazipanga faili mahali pake. Kabla ya kuzipanga inaangalia kama kuna faili lililoguswa kwa mkono. Ikilikuta inasimama na kunitajia ni lipi. Ningekuwa nayo ile Jumanne! Dharura ya usiku nayo inapita njia hiyohiyo: tawi dogo (njia ya pembeni ya kufanyia badiliko), mstari mmoja, komiti, sukuma. Ikiharibika, git revert inaandika komiti mpya ya kuitengua ile mbovu, na historia inabaki nzima.

Nina ombi pia. Naomba uisome hiyo skripti, wewe una jicho la mambo hayo. Inanitatiza kwenye faili mpya ambazo Git haizijui. Nikitaka inionyeshe zote, picha zinajaa skrini. Nikiiambia izipuuze, mtu anaweza kuacha faili lake humo nisilione. Nimefikiria kuihamishia folda ya picha nje kabisa, lakini viungo vya zamani... basi, utaona mwenyewe.

Je, wamekupa kuingia kwa SSH, uweze kuandika amri kwenye seva, au ni FTP tu ya kupakia na kupakua faili? Nani mwingine ana funguo za seva hiyo? Yule kijana wa picha bado anapakia mwenyewe usiku? Bakapu ya hifadhidata ipo, na kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha? Na mguu wa Mama unaendeleaje, ameshaanza kutembea? Nijibu kabla ya Jumatatu. Nikiona kimya, nitakupigia Jumapili jioni.

Wako wa siku zote